Mgonjwa wa TB ametoroka na dozi haijaisha, naambiwa nipeleke jina lake polisi. Nifanyeje?

Binti Ustawi

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, mwaka wangu wa pili kazini, katika kituo cha afya kimoja huku kaskazini, upande wa migodi ya tanzanaiti. Kituo sitakitaja, wala jina la mtu. Nina jambo linaloninyima usingizi, na Alhamisi saa mbili asubuhi natakiwa nilitolee jibu kikaoni.

Kuna baba wa miaka 34, mwanaapolo, yaani mchimbaji wa tanzanaiti, nitamwita Baba Neema ingawa si jina lake. Alianza dawa za TB mwezi wa pili. Miezi miwili ya mwanzo alimeza vizuri sana, kadi yake haina siku iliyorukwa, akaongezeka kilo tatu. Mwezi uliofuata akaletwa amebebwa, anakohoa damu, tukamlaza. Usiku wa siku ya tisa akatoroka wodini. Leo ni wiki ya tano hajaonekana kliniki.

Mratibu wa TB alimpigia simu mara nne, ya tano haikupatikana. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akaenda nyumbani, akamkuta mke na watoto wawili, mkubwa wa miaka saba na mdogo wa mwaka na nusu. Chumba kimoja cha kupanga, dirisha limezibwa kwa kiroba kwa ajili ya vumbi. Mke akasema mume amerudi mgodini.

Jana kikaoni ikasemwa kwamba huyu ni mkaidi, anahatarisha jamii, ustawi aandike barua polisi wamkamate wamlete. Watu wote wakanigeukia mimi. Nikaomba siku tatu.

Hofu yao naielewa. Anashuka shimoni na wenzake kumi na mmoja, wanavuta hewa ya bomba moja. Dozi iliyokatwa katikati inaweza kuzaa TB sugu. Lakini kila nikishika kalamu mkono unagoma. Fomu yetu ina nafasi mbili tu, "amerudi" na "hajarudi". Hakuna mahali pa kuandika kwa nini.

Na niko peke yangu. Misamaha ya malipo ya matibabu ya kituo kizima ni yangu, matunzo ya watoto ni yangu, wazee wanaoachwa wodini ni wangu, na wiki hii nina binti wa miaka 15 mjamzito ambaye kwao hawataki hata kumsikia. Usafiri sina, kwenda kwa huyu baba na kurudi ni bodaboda ya 6,000 ya mfukoni mwangu.

Aliyewahi kupita hapa anisaidie. Polisi wanasaidia kweli? Nikimfuata mgodini nitaingiaje, maana tangu ukuta wa kuzunguka migodi ujengwe mwaka 2018 kila mtu anakaguliwa getini? Na hawa watoto nianze nao wapi?

Sista wa Kliniki

Dada pole. Mimi ni muuguzi, mwaka wa kumi na moja kliniki ya TB, na nitasema usilolipenda.

Miaka miwili iliyopita niliambukizwa nikiwa kazini. Nilimeza vidonge miezi sita, mkojo rangi ya chungwa, viungo vinauma, na mwanangu wa miaka minne akala dawa ya kinga kwa sababu yangu. Kwa hiyo mtu akinitajia haki ya mgonjwa, namuuliza na haki ya huyo wa mwaka na nusu anayelala naye chumba kimoja iko wapi.

Usisubiri Alhamisi. Kesho asubuhi watoto wote wawili waje wapimwe. Mdogo akionekana hana TB aanzishiwe dawa ya kinga papo hapo, na mkubwa waangalie mwongozo unasemaje. Hilo halihitaji baba apatikane. Mke naye apimwe.

Kuhusu polisi sitakuapia kwamba ndiyo njia. Ila msiniambie tukae tunamhurumia huku anakohoa shimoni.

Mama Mlezi

Marahaba mwanangu.

Nimestaafu ustawi wa jamii. Nilianza kazi 1994, mwaka mmoja baada ya serikali kuanzisha uchangiaji wa gharama za matibabu hospitalini. Naanzia huko kwa sababu ndiko tulikoharibikiwa. Wakubwa walionipokea kazini, kazi yao ilikuwa kujua mgonjwa akitoka anakwenda wapi, nani atampikia, mtoto aliyetupwa analelewa na nani, mwenye ukoma ambaye ndugu wamemkana atazikwa na nani. Uchangiaji ulipoingia akahitajika mtu wa kuamua yupi hana uwezo kweli na yupi anajifanya, na fomu za msamaha tukakabidhiwa sisi. Tangu hapo maskini akimwona mtu wa ustawi anaona karani wa madeni.

Kwa hiyo kabla hujauliza kwa nini ameacha dawa, uliza hili: usiku ule alipotoroka alikuwa anadaiwa shilingi ngapi? Vidonge vya TB ni bure na kipimo cha makohozi ni bure, sawa. Kitanda siku tisa je? Picha ya kifua? Dripu? Nenda dirisha la malipo ukasome faili. Halafu fungua daftari lako mwenyewe la misamaha uangalie kama kuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuja mezani kwako.

Ukitoka hapo nenda nyumbani. Usiende na gari la kituo hata ukipewa, maana gari lenye maandishi likisimama mlangoni kwa dakika tano mtaa mzima umeshampima VVU. Nenda kwa miguu kutoka barabarani, na yule mhudumu wa jamii, umevaa kitenge chako. Ukiletewa kiti cha pekee kilichopo, mwachie mwenye nyumba, kaa kwenye ndoo. Dawa usizitaje mpaka uulizwe. Uliza jana wamekula nini. Angalia mafiga, kama majivu ni ya leo au ya juzi. Dawa za TB zikianza kumsaidia mtu mwili unadai chakula, anaamka usiku kwa njaa. Mgonjwa wangu mmoja aliniambia, "Mama, hivi vidonge vikikosa ugali vinanitafuna mimi." Nikamwandika kwenye faili kuwa analalamika kuhusu madhara ya dawa. Nilikuwa kijana, sikusikia alichosema.

Mgodini usiingie. Ukimfuata shimoni wenzake watajua kabla hajapanda juu, na kesho yake hana kazi. Mpange na mkewe, mwanaume atapanda siku moja kuja kuoga na kubadili nguo. Hiyo ndiyo siku yako, hata kama ni Jumapili.

Barua utaandika, lakini si ya polisi. Iandike kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia mganga mkuu wa wilaya. Sema kuna duara, yaani shimo la uchimbaji, lenye wachimbaji kumi na wawili, mmoja amegundulika na TB, bila jina, na unaomba wote wapimwe. Omba OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, wafike waone kama wanachoronga, yaani wanatoboa mwamba kwa mashine, kwa maji au kwa ukavu, kwa sababu vumbi la mwamba likishaumiza mapafu TB inaingia kirahisi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri apimishe afya za wafanyakazi wake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi 2015, na mwajiri anapaswa kuwa amejisajili. Mwenye mgodi atakujibu kwamba hana wafanyakazi, ana vijana tu wanaogawana mawe yakipatikana. Jibu hilo liandike kwenye taarifa yako neno kwa neno, maana ndilo linaloeleza kwa nini baba wa watoto wawili anakohoa damu na hana hata siku moja ya kupumzika yenye chakula.

Na neno "mkaidi" lisitoke mkononi mwako. Mwaka 1998 nilimwandika hivyo mama mmoja. Kumbe alikuwa anazificha dawa kwa jirani kwa sababu mume aliapa kumwacha akiugua ugonjwa ule, na jirani alipohama zikaondoka naye. Nililijua hilo msibani.

Kijana wa Eldoret

Hamjambo. Niko Kenya, ni mfanyakazi wa jamii, na hilo la polisi sisi tulishalipitia.

Mwaka 2010 kule Kapsabet wanaume wawili waliacha dawa za TB. Wakakamatwa, wakapelekwa kortini, hakimu akatumia kifungu cha 27 cha Sheria ya Afya ya Umma akaagiza wazuiliwe gerezani miezi minane. Gereza, si wodi. Hebu fikirieni mtu mwenye TB ndani ya seli iliyojaa, na wale waliolala kando yake walikuwa wamefungwa kwa makosa ambayo adhabu yake haikuwa ugonjwa. Walikaa siku 46 mpaka Mahakama Kuu hapa Eldoret ikaamuru watolewe waendelee na matibabu nyumbani. Kesi ikaendelea miaka. Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba kuwafungia gerezani kulivunja haki zao za kikatiba, na akaitaka wizara iwe na sera ya kuwatenga wagonjwa kwa njia inayoheshimu haki.

Sheria ya kwenu ni nyingine, sitajifanya naijua. Ila dada, kikaoni waambie hivi: mgonjwa mmoja akifungwa, wale wengine kumi wanaokohoa kijijini watasikia, na hao hata makohozi hawataleta. Nilifanya kazi karibu na huko miaka ya baadaye na bado ungekutana na mzee anayekuuliza, kabla hajafungua mlango, kama umekuja na askari.

Mchorongaji

Naomba nichangie kama mgonjwa.

Niliingia shimoni nikiwa mtoto, nikiwa nyoka. Wa kule mnajua, nyoka ni wale watoto wa kupita kwenye upenyo ambao mtu mzima hapiti, kupeleka ujumbe na vifaa. Nilipokua nikashika mashine ya kuchoronga. Maji yanapandishwa mgodini kwa gharama, kwa hiyo tulichoronga kwa ukavu. Ukitoka unakuwa mweupe mpaka kope. Baruti ikishalipuliwa hatukusubiri moshi uishe. Mshahara hakuna, kuna chakula, na mgao mgodi ukizalisha. Niliwahi kukaa miezi kumi na minne bila mgao wowote. Ukianza kukohoa unaambiwa kunywa maziwa yanasafisha vumbi. Tumekunywa maziwa sana.

Nimetibiwa TB mara tatu. Mara ya tatu nikapelekwa Kibong'oto, kule Siha, hospitali ambayo imeshughulika na vifua tangu 1926, ndipo daktari akanieleza kwamba sehemu ya ninachoumwa si TB. Ni silikosisi, vumbi limeganda kwenye mapafu na halina dawa ya kulitoa. Nina miaka 38. Kilima ambacho mama yangu anapanda na kuni kichwani, mimi nakipanda kwa kusimama mara nne.

Dada, huyo mwenzangu kurudi shimoni si ukaidi. Kule anakula. Nyumbani akikaa anakula chakula cha watoto. Mwanaume anamwangalia mtoto usoni anachukua tonge lake ili ameze kidonge? Mimi nilishindwa. Mwambie daktari amtazame na vumbi pia, asije akameza dozi mara tatu kama mimi.

Binti Ustawi

Nimesoma yote. Mama Mlezi, nimefungua faili na daftari kama ulivyosema.

Alikuwa anadaiwa 86,400. Kitanda, picha ya kifua, dripu na dawa ambazo si za TB.

Na kwenye daftari langu, siku mbili kabla hajatoroka, kuna mstari nilioandika mimi: "Mke wa mgonjwa, wodi ya wanaume, anaomba msamaha. Aelekezwe alete barua ya mtendaji." Basi. Namkumbuka sasa. Alikuwa na mtoto mgongoni, kulikuwa na foleni, nikamwambia bila barua sina la kufanya. Ofisi ya mtendaji iko kilomita nyingi na siku ile ilikuwa Ijumaa mchana. Hakurudi. Mimi nikaendelea na foleni.

Nimeshindwa kula leo.

Mama Mlezi

Kula mwanangu, kesho una safari. Ule utaratibu wa barua hukuutunga wewe. Lakini uliketi mahali pake, na sasa unajua unavyofanya kazi, kwa hiyo una la kusema kikaoni ambalo mwingine hana. Peleka daftari lenyewe, waonyeshe mstari huo. Halafu omba kibali cha msamaha wa dharura kwa mgonjwa aliyelazwa, barua ifuate baadaye, na utafute wewe namba za simu za watendaji wote wa kata zako. Mtendaji anaweza kuthibitisha kwa simu.

Sista wa Kliniki

Nimekaa na maneno ya Mchorongaji tangu jana. Naongeza moja tu la kitaalamu. Kuna utafiti uliofanyika jimbo la Jharkhand, India, ukachapishwa 2023. Familia za wagonjwa wa TB zilizopewa chakula kila mwezi, mchele na jamii ya kunde pamoja na vitamini, zilipata wagonjwa wapya pungufu kwa karibu asilimia 39 kuliko zile ambazo chakula kilipewa mgonjwa peke yake. Chakula tu. Lipeleke hilo kikaoni dada, wanaopenda takwimu watalisikia.

Watoto wamekuja?

Binti Ustawi

Nimechelewa kurudi, imepita wiki na siku tatu. Nawaletea yaliyotokea.

Watoto walipimwa kesho yake ile. Mkubwa hana. Mdogo hana TB ila uzito uko chini, ameanza dawa ya kinga na ameandikishwa lishe. Mke naye hana.

Kikaoni nilisoma mstari wa daftari langu kwa sauti. Palikuwa kimya. Kibali cha msamaha wa dharura kwa waliolazwa nimepewa kwa majaribio, miezi mitatu, naripoti kila mwezi. Deni la 86,400 limefutwa, nina karatasi yenye muhuri. Barua ya polisi haikuandikwa, ila nimepewa wiki tatu tu, na mmoja wa wakubwa bado anaamini nimemwonea huruma mtu asiyestahili.

Baba Neema nilimkuta Jumapili jioni. Nilikaa kwenye ndoo. Majivu yalikuwa ya juzi. Nilipofika alisimama akitaka kutoka kwa mlango wa nyuma, alidhani nimefuata pesa. Nikampa ile karatasi yenye muhuri kabla ya salamu kwisha. Aliisoma mara mbili, akampa mkewe naye asome, ndipo akakaa. Hakuna aliyetaja dawa mpaka yeye mwenyewe alipouliza, "Nikirudi naanza upya?"

Alikuja kliniki Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sista alikubali kufungua mapema ili asionekane. Kilo 47. Makohozi yamechukuliwa kuangalia kama vijidudu bado vinasikia dawa, na nimeomba picha yake ya kifua isomwe pia kwa jicho la vumbi. Kaka Mchorongaji, asante, nisingelijua la kuomba hilo. Mkewe atakuwa msimamizi wake wa dawa. Wapangaji wenzake wa kike wana kikundi cha kuchekecha vifusi, tunajaribu kukisajili waombe mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia kumi ya mapato yake, lakini hilo ni la miezi. Kwa sasa chakula ni unga na maharage kutoka msikiti mmoja na kanisa moja, ya mwezi huu tu. Ya mwezi ujao sina bado.

Duara: barua imefika kwa mkurugenzi. Mwenye mgodi amejibu kwa mdomo kwamba hana wafanyakazi, ana vijana. Nimeliandika kama lilivyo. Hata hivyo, wanane kati ya wale kumi na mmoja walikuja wenyewe kupima, usiku, baada ya Baba Neema kuongea nao. Wawili majibu yamerudi wana TB. Watatu waliobaki hawajapanda juu. Kesho naenda tena kukaa na wake zao.